Mradi wa wanyama: usigawe vichwa kabla kundi halijawa na swali

Mwalimu, simama hapo hapo. Kuhusu mradi wa watoto kutafiti mnyama kwa makundi na kumtengenezea bango, umeuliza kundi liwe na watoto wangapi, mradi uchukue vipindi vingapi, alama zitolewe vipi na bango liwe la ukubwa gani. Halafu katikati umetupia kasentensi kama si kitu: "kila mtoto nitampa kichwa chake cha habari: makazi, chakula, mwili, uzazi." Hicho ndicho kitakachoharibu kazi yote. Mengine yanarekebishika.

Najua ulikokitoa. Ni kile kiolezo cha semina chenye viboksi vinne na picha ya simba anayecheka. Mwezeshaji anakionyesha ukutani, anasema "hivi kila mtoto anawajibika", ukumbi mzima unapiga makofi. Nami nilipiga, tusitajane. Aliyekibuni sidhani kama amewahi kukaa na watoto wa miaka tisa kipindi cha mwisho cha siku. Anachogawa pale ni kazi ya kunakili.

Tazama kinavyokwenda kwa kundi la duma. Wa makazi anaandika "nyika za wazi", sawa. Wa chakula amekuta picha ya mnyama mwenye madoa, hakusoma jina, ananakili kwamba huwinda usiku na kupandisha windo juu ya mti. Huyo ni chui. Wa mwili anachora madoa yaliyo kama pete, chui tena, lakini pembeni ameandika "ana mbio kuliko wanyama wote wa nchi kavu". Wa uzazi hakuja shule. Siku ya kuwasilisha bango linapendeza, rangi safi, gundi imekauka, na mnyama aliyebandikwa pale hayupo duniani.

Hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyesoma cha mwenzake. Ukimfungia mtoto kwenye kichwa kimoja unamnyima kitu cha kulinganisha nacho. Angekuwa ameshasoma kwamba duma huwinda zaidi mchana, na kwamba kucha zake haziingii ndani kabisa kama za chui, habari ya windo juu ya mti ingemkwaza. Angeuliza. Mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni ingemwonyesha yupi ni duma. Ila hayo yote yalikuwa kwenye daftari la wa mwili, na wa chakula hana ruhusa ya kuingia huko. Ni boksi la mtu!

Kwa tembo ni vilevile. Mmoja anasoma wa Afrika, mwenye ncha mbili mwishoni mwa mkonga, mwingine wa Asia, mwenye ncha moja, na bango linatoka na tembo wa mabara mawili. Halafu hiyo shingo ya twiga utaiweka boksi lipi, mwili au chakula? Ina mifupa saba tu, sawa na yetu, ila kila mmoja ni mrefu mno, na humfikisha kwenye majani ambayo wala-majani wengi hawayafikii. Mtoto wa mwili ataandika "shingo ndefu" aweke nukta. Mtoto wa chakula ataandika "majani" aweke nukta. Sababu, ambayo ndiyo utafiti wenyewe, inaanguka katikati yao na haina wa kuiokota.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: kundi liwe na swali moja kwanza, wote wasome maandishi yaleyale, vichwa vije mwisho.

Swali lianze na "kwa nini" au "vipi". Lipime hivi: kama jibu lake ni neno moja au tarakimu, lirudishe. "Duma ana kasi gani?" rudisha. "Kwa nini duma huwinda zaidi mchana?" pokea, maana hawawezi kulijibu bila kugusa macho yake, windo lake, na simba na fisi wanaomnyang'anya mzoga. Umeona? Vichwa vitatu vimeingia vyenyewe bila kiboksi.

Kabla hujaruhusu mnyama yeyote, hakikisha wewe mwenyewe una maandishi mawili yanayomhusu ambayo mtoto wako wa kusoma kwa shida anaweza kuyamaliza. Huna? Mnyama huyo hachaguliwi, hata wakilia. Watalia, hasa wa papa.

Kisha kadi. Kata karatasi za ukubwa wa kiganja, kila mtoto nne. Kadi moja, jambo moja, na nyuma jina la kitabu na ukurasa. Anasoma aya, anafunga kitabu, anaandika kwa maneno yake, anafungua kuhakiki. Usiruhusu kuandika kitabu kikiwa wazi, hapo ndipo kunakili kunapozaliwa. Watoto wanne wanakupa kadi 16. Wazimwage mezani, zinazofanana zikae pamoja, na kila rundo wao walipe jina. Hayo majina ndiyo vichwa vyako.

Kadi zikijirudia usikasirike, ni uthibitisho. Zikipingana, furahi kabisa: "mchana" na "usiku" zikikutana mezani, kundi linarudi kitabuni lenyewe na chui anakamatwa kabla hajafika kwenye bango. Kadi isiyo na ukurasa nyuma inawekwa kando hadi ipatikane. Baada ya hapo gawa kazi unavyotaka, nani achore, nani aandike rundo lipi. Asiyekuja shule siku hiyo hakuachii pengo, wenzake wamesoma alichosoma.

Idadi: wanne. Watano ukibanwa. Wa sita kazi yake huwa kushika kopo la kalamu. Vipindi: kimoja cha swali, viwili vya kusoma na kadi, kimoja cha kupanga marundo, viwili vya bango. Ukikosa muda punguza bango, usiguse kadi.

Na kama umeshagawa vichwa na wameshaanza, usichane kitu. Kesho wabadilishane madaftari ndani ya kundi, kila mmoja asome la mwenzake na aandike mambo mawili: linalokubaliana na lake, na linalopingana nalo. Yanayopingana yaandike ubaoni, wayafuatilie vitabuni, na gundi ikae kabatini kwako hadi orodha hiyo iishe.