Maswali ya wasomaji: Usanifu wa kisasa uliingiaje vyuo vya China?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma usanifu majengo mwaka wa pili. Mwalimu wetu alisema China walifundishwa usanifu wa kisasa na Warusi miaka ya 50, eti kabla ya hapo vyuo vyao vilikuwa na mapaa ya kikale tu. Moyo wangu ukakataa ila sikuwa na cha kujibu. Naomba msaada. (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Marahaba mwanangu, moyo wako haukukosea, maana Warusi ndo waliurudisha nyuma.

Ni kweli walimu wa mwanzo walishika ukale. Liang Sicheng na Yang Tingbao walisoma Chuo Kikuu cha Pennsylvania miaka ya 1920 wakafundishwa kwa mtindo wa Kifaransa, yaani unachora nguzo za Kigiriki halafu unazipaka wino mwepesi tabaka juu ya tabaka mpaka kivuli kikae, na Liang alipoanzisha idara kule Shenyang 1928 akaenda na hayohayo. Ila Guangzhou, kwa Lin Keming aliyesoma Lyon, wanafunzi mwaka 1936 walishaanza kutoa jarida lao la kutetea usanifu mpya.

Ila mtu ninayetaka umjue ni Huang Zuoshen. Huyu alisoma London, kisha Harvard kwa Walter Gropius, yuleyule mwanzilishi wa Bauhaus, shule ya Kijerumani ya usanifu wa kisasa, na mwaka 1942, Shanghai ikiwa mikononi mwa Wajapani, akaanzisha idara ya usanifu pale St. John's, chuo cha wamisionari. Idara ndogo sana, walimu wachache, mmoja wao Mjerumani Richard Paulick aliyewahi kufanya kazi na Gropius. Mwanafunzi mpya hapewi nguzo ya Kigiriki anakili, anaambiwa ashike vitu mwenyewe, atafute ruwaza na mguso wa vitu hivyo, yaani aanze na mikono na macho yake, na mimi naona hapo ndo yalikuwa mapinduzi yenyewe kuliko jengo lolote.

Hata Liang alibadilika. 1947 alikaa New York kwenye jopo la kubuni makao makuu ya Umoja wa Mataifa pamoja na Le Corbusier na Niemeyer, wasanifu vigogo wa usasa, akarudi Chuo Kikuu cha Tsinghua kule Beijing akaugeuza mtaala uelekee usasa.

Sasa 1952 serikali ikapanga vyuo upya, St. John's ikavunjwa, idara ikahamia Chuo Kikuu cha Tongji, hapohapo Shanghai. Na hapo ndo Warusi wanaingia na agizo lao la sura ya kitaifa, yaani jengo lifanane na ya kale ya nchi, mapaa makubwa yakarudi, halafu 1955 mapaa hayohayo yakaitwa ubadhirifu na Liang akasemwa vibaya hadharani, inauma kwa kweli. Tongji wao waliendelea kubishana, na mwanzoni mwa miaka ya 60 Feng Jizhong, aliyesoma Vienna, akapanga masomo yaanzie kwenye nafasi ya ndani ya jengo badala ya sura ya nje. Alishambuliwa, kisha Mapinduzi ya Utamaduni, vuguvugu la Mao, yakasimamisha kila kitu, lakini miaka ya 80 mawazo yake yakaonekana kwenye bustani ya Fangta kule Songjiang.

Mwalimu wako muoneshe kwa heshima picha ya jengo la Wenyuan pale Tongji, la 1953 hadi 1954, Warusi wakiwa wamepamba moto: paa bapa, madirisha mapana, mapambo machache.