Mseto ulianzia jikoni

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Barazani kwetu hapa Wete tumebishana siku mbili. Mwenzetu mmoja ameshikilia kwamba "mseto" ni neno la siasa, limekuja na serikali ya Zanzibar ya 2010. Mwengine anasema ni Kiarabu. Mimi nalijua kwa choroko na mchele tu. Nani mkweli?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam. Mkweli ni wewe, na wenzako uwaambie hivyo.

Marehemu mama yangu alikuwa akizipaaza choroko kwa kijaa, lile jiwe la kusagia, akiziroweka na kuzifikicha mpaka maganda yaelee. Zikishalainika motoni hutia mchele, kisha tui, halafu hushika mwiko akaviponda ubavuni mwa chungu, taratibu, bila ya kuondoka. Ukipakuliwa huijui choroko ni ipi na mchele ni upi. Tukiula kwa mchuzi wa papa.

Kazi hiyo ya mwiko ndiyo iliyolizaa neno. Kuseta ni kuponda kitu mpaka kilainike. Seta, mseto, kama tega, mtego, na cheza, mchezo. Ni Kibantu kitupu.

Sasa litazame na ndugu yake, mchanyato. Kuchanyata ni kukata vipande vyembamba, ndiyo maana ndani ya mchanyato muhogo unauona na ndizi mbichi unaiona, kila kimoja na umbo lake kwenye tui. Leo vyote viwili tunaviita mchanganyiko, tukaona basi. Waliopika hawakuona basi: walitaja mkono ulifanya nini. Mimi nalipenda sana jambo hili.

Ama siasa, jina rasmi la kilichofuata kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ni Serikali ya Umoja wa Kitaifa. "Mseto" ni jina la watu na magazeti, na Wakenya nao waliiita hivyo serikali yao ya 2008. Hapo maana imetanuka, kwa sababu vyama havisetwi, kila kimoja hubaki na bendera yake. Kilimo mseto ni vivyo hivyo: mkarafuu haugeuki mgomba. Sipingi, neno likiwa hai lazima litembee.

Linaloniuma ni kitenzi chenyewe. Mwaka jana mwanafunzi wangu alinieleza serikali ya mseto vizuri kabisa, hata nikafurahi. Nikamuuliza, na kuseta je? Akanyamaza. Nikamtuma kwa bibi yake, nikamwambia asirudi na hicho kimoja tu, aniletee na kitenzi chengine cha jikoni ambacho hajapata kukisikia.

Asubuhi yake alikuja na "kupaaza", na mkononi kachukua choroko kidogo ndani ya karatasi, zimepasuka katikati, alizozipaaza mwenyewe.