Gari ya zamani kuwaka kwa shida na kukosa silensa: anza na haya kabla hujanunua pampu

Mkuu, kwa ulivyoeleza asubuhi unapiga stata weee ndo iwake, ikishawaka silensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda inashuka yenyewe, na ukisimama kwenye foleni inataka kuzima. Plagi umeshabadilisha na sasa fundi anataka pampu ya mafuta. Mi ningemwambia asubiri kwanza, hapo naona magonjwa mawili na nyie mnayatafutia dawa moja.

Tuanze na kuwaka. Stata inazungusha injini kwa nguvu au kivivu? Kama ni kivivu achana na habari za pampu, chukua mita upime betri asubuhi kabla hujagusa kitu. Betri nzima iliyolala inasoma kama voti 12.6, ukikuta 12.2 ujue imebaki nusu hivi. Halafu mtu apige stata wewe ukiangalia mita, ikishuka chini ya 9.6 betri imechoka au haijajaa, na injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo altaneta haichaji vizuri. Na usisahau waya wa ethi (ule wa hasi) unaotoka betri kwenda kwenye bodi na injini, kwa gari za umri huu juu unauona mzima kumbe kwenye bolti umejaa kutu.

Kama inazunguka vizuri ila haishiki, washa swichi bila kupiga stata usikilize. Gari nyingi pampu inaunguruma sekunde 2 hivi kisha inanyamaza. Zima, washa tena, rudia mara tatu nne ndo upige stata. Ikishika fasta basi presha ya mafuta inashuka gari ikilala, ni ile valvu ya kuzuia mafuta yasirudi kwenye tenki au kuna nozeli (kinachopulizia mafuta kwenye injini) inadondosha (hii ya nozeli mara nyingi utasikia harufu ya petroli na moshi mweusi ikishika). Sasa valvu hiyo kwenye gari nyingi imo humohumo kwenye pampu, kwa hiyo fundi anaweza akawa sahihi, lakini apime presha kwa geji asikisie. Isipobadilika kitu, aangalie sensa ya joto la maji, ikidanganya kwamba injini ni ya moto kompyuta inabana mafuta asubuhi.

Silensa kupanda na kushuka ndo kitu kilichonisumbua sana kwenye gari yangu, na ile dalili ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) kucheza peke yake mi moja kwa moja nawaza hewa inayoingia isikotakiwa. Ukiwa umeachia mafuta kipepeo cha throto (mlango wa hewa ya injini) kimejifunga, kwa hiyo injini inavuta hewa kwa nguvu sana ndani ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), na kampira ka hewa kakiwa na ufa hapo ndo kanaonekana. Hewa ikizidi RPM inapanda, kompyuta inaona throto imefungwa na mzunguko mkubwa, inadhani unateremka mlima umeachia mafuta, inakata nozeli. RPM inaporomoka, inarudisha mafuta, inapanda tena. Ndo huo mchezo unaouona. Ukikanyaga mafuta kidogo inatulia, ni kawaida kabisa, maana ule ufa hewa yake inakuwa ndogo ukilinganisha na inayopita mlango halali.

Kwangu ilikuwa ni mpira mdogo nyuma ya throto, umepasuka upande wa chini. Ukiangalia kwa juu mzima. Niliupata kwa kupitisha kidole kwa chini injini ikiwa imezimwa na imepoa, kidole kikazama kwenye ufa. Njia nyingine ni kupuliza maji kidogo kwa chupa ya spreyi kwenye mipira na gasketi ya manifodi injini ikiwa inaunguruma, ukifika penye ufa mlio unabadilika (koili na waya za plagi usizilowanishe). Kuna watu wanatumia spreyi ya kabureta, inafanya kazi ila hiyo inawaka moto, juu ya injini ya moto mi siipendi.

Usipopata ufa, fungua throto usafishe ule weusi pembeni ya kipepeo pamoja na valvu ya silensa (inayopitisha hewa kipepeo kikiwa kimefungwa). Baadhi ya gari ukishasafisha au ukichomoa betri silensa inavurugika kwa muda mpaka kompyuta ijifunze upya, usije ukakimbilia kununua throto.

Kama gari yako ina OBD2 (soketi ya kusomea kompyuta ya gari) na una kimashine cha kuisoma, angalia fueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikiwa +10 au zaidi kwenye silensa halafu inashuka karibu na 0 ukishika RPM 2500, ni hewa, tafuta ufa. Ikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, hapo ndo mafuta hayatoshi na pampu ya fundi wako inarudi mezani.

Kesho asubuhi pima voti wakati wa stata na ujaribu ile ya kuwasha na kuzima swichi, uje na majibu. Na utaje injini gani, maana ya kabureta ina mambo yake mengine.