Usikate sentensi vipande, Kiswahili kina ngeli

Ndugu umeuliza kama maneno ya Kiswahili na Kiganda ya app yako uyaandike humohumo kwenye kodi (code, yale maagizo ya programu) ama uyaweke kwenye faili la pembeni. Weka pembeni, hapo hata tusibishane. Android ishakupangia, Kiingereza kinakaa kwenye folda ya values, faili strings.xml, Kiswahili folda ya values-sw, Kiganda values-lg, simu inachagua yenyewe kwa lugha ambayo mtu ameseti, na mstari ambao hujautafsiri unachukuliwa ule wa values.

Shida iko kwenye sentensi. Mimi nilitengeneza app ya wachuuzi wa mifugo huku Busia, kitu kikiuzwa inatoa ujumbe, sasa nikaandika mstari mmoja tu, "%s imeuzwa", nikijua pale penye %s jina la kitu litajiingiza lenyewe. Likajiingiza kweli. Mzee mmoja wa Bombo, Kiswahili ni cha nyumbani kwao, akashika simu akasoma "Ng'ombe imeuzwa", akanyamaza, akasoma ya pili, "Maziwa imeuzwa", akaniuliza mwanangu, hii kaandika nani? Wengi huku tunaongea hivyo na tunaelewana, ila app inayoshika hesabu ya pesa ya mtu lazima iandike vizuri, nilijisikia vibaya sana.

Nikakipa kila kitu mstari wake mzima: ng'ombe ameuzwa, maziwa yameuzwa, kiroba kimeuzwa, ngozi imeuzwa. Mistari imeongezeka na sijuti. Kiganda nacho kina ngeli, kitakubana vilevile. Wingi tumia plurals, ile sehemu ya Android ya umoja na wingi, Kiswahili kina one (kimoja) na other (vingi), yaani "Ng'ombe %d ameuzwa" na "Ng'ombe %d wameuzwa", pale penye %d inaingia namba. Majina ya watu yakiwa mawili andika %1$s na %2$s, yaani jina la kwanza na la pili, maana Kiingereza kinaweza kutanguliza mnunuzi na wewe unataka kuanza na muuzaji.

Halafu kile kialama cha ng'ombe! Kwenye strings.xml kitangulize na kile kimstari kinacholalia nyuma, ng\'ombe. Mimi kilinikesha hadi saa nane usiku, app inagoma kujengeka na mimi natafuta kosa kwenye kodi ambayo haina kosa. Kiganda kimejaa vialama hivyo, ente n'embuzi, so mtafsiri akikurudishia faili lipitie lote kwanza. Na lihifadhi kwa UTF-8, ule mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, la sivyo ile herufi ŋ ya Kiganda itatoka takataka.

Kingine, juu ya kila mstari andika komenti, maelezo mafupi ya mstari unatumika wapi. Mtafsiri akikuta "Open" peke yake hawezi kujua unataka "Fungua" ama "Iko wazi", na saa hiyo wewe umezima simu umelala.