Video za kuchekesha na sarufi: majibu kwa maswali yenu

Mwanangu wa darasa la tano anaimba kutwa video inayowacheka watu wanaosema "ng'ombe yangu". Anajifunza kweli? (Mama, Mafinga)

Sikiliza anaimba sehemu ipi, mama. Kinachoganda kichwani ni kiitikio. Kama kiitikio ni "ng'ombe yangu", lililowekwa ili watu wacheke, ndilo litakalomjia kwenye mtihani. Kama wanarudia "ng'ombe wangu, kuku wangu, kiboko wangu", mwache aimbe mpaka majirani wachoke. Mwaka 2014 jarida moja la kitaalamu lilichapa utafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh: watu wazima 60 walijifunza vifungu vya Kihungari kwa dakika 15, na kwa jumla waliovirudia kwa kuimba waliwashinda waliovirudia kwa kusema. Waliimba wenyewe. Anayetazama tu na kucheka hafanyi kazi hiyo.

Mimi Mnyakyusa wa Tukuyu. Chuoni wananitumia klipu za kuigiza lafudhi yetu, eti nijirekebishe. (Mwanafunzi)

Hizo hazikufundishi kitu, ndugu yangu. Lafudhi si kosa la sarufi. Hata huyo anayesema "ng'ombe yangu" anafuata kanuni: katika lugha nyingi za Kibantu, mnyama hufuata upatanisho wa ngeli ya jina lake. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, humweka kwenye A-WA, ngeli ya viumbe hai, ilhali hapo hapo kinatuachia "rafiki yangu" na "mama yangu". Jambo kama hilo linataka kuelezwa. Inaniuma kuona kijana anaacha kunyoosha mkono darasani kwa sababu ya klipu.

Huko nje wamewahi kufanya hivi? (Msomaji, Uyole)

Ndiyo. Mwaka 2014 Mmarekani "Weird Al" Yankovic alitoa "Word Crimes", wimbo wa vichekesho kuhusu makosa ya Kiingereza. Nguvu ya video yake ni maandishi yanayocheza kwenye skrini: "its" na "it's" sikio haliwezi kuzitofautisha, jicho linaweza. Lakini baadhi ya wanaisimu walilalamika kwamba unawadhihaki watu, na mwenyewe aliomba radhi kwa neno moja ambalo Uingereza ni tusi kwa watu wenye ulemavu. Watengeneza video wetu waige yale maandishi, dhihaka waiache.

Wasanii wenyewe wanasema "nyimbo yangu mpya". Tufanyeje? (Iringa mjini)

Wimbo wangu mpya, nyimbo zangu mpya. Watangazaji wakilishika hili, wasanii watafuata.

Nafundisha kidato cha kwanza Makambako. Nizitumieje? (Mwalimu)

Simu yako na spika ndogo vinatosha, mwalimu. Icheze mara moja, wacheke washibe. Ya pili waimbe wote. Kisha zima, wape majina ambayo hayamo kwenye wimbo: kifaranga, kipofu, kiongozi. Waandike sentensi zenye "-angu" na "-kubwa". Hapo ndipo utajua. Atakayeandika "kifaranga wangu mkubwa" ameshika kanuni. Wa "kifaranga changu kikubwa" ameshika wimbo tu, na huyo umweleze kwa nini kiumbe hai huacha KI-VI. Wakishaelewa, watunge beti zao za kuchekesha wenyewe, kwa sharti moja: kiitikio kiwe sentensi sahihi, na asitajwe mwanafunzi yeyote wala kabila lake.