Kadi ya grafiki kwa i5-10400 na pawa saplai ya wati 450

Swali lilivyo: kompyuta ina Core i5-10400, madabodi ya H410, ramu GB 16, pawa saplai ya wati 450 na skrini ya 1080p ya hezi 144. Kadi zinazopimwa ni RX 6500 XT, RX 6600 na RTX 3060. Ipi ichukuliwe?

Jibu la mkato ni RX 6600. RTX 3060 ya GB 12 nayo inafaa, pawa saplai ikifaulu kipimo nitakachoeleza chini. RX 6500 XT achana nayo, hata bei ikikuvutia.

Tatizo la RX 6500 XT si kasi ya chipu. Kadi hii ina kumbukumbu ya GB 4 na inaongea na madabodi kwa njia 4 tu za PCIe (njia za data za sloti ya kadi). Kwenye bodi ya PCIe 4.0 njia hizo nne hupitisha karibu GB 8 kwa sekunde. Lakini i5-10400 inaishia PCIe 3.0, kwa hiyo unabaki na GB 4 kwa sekunde. Sasa gemu ikidai GB 5 au 6, kile kinachozidi hakitupwi; kinahamishiwa kwenye ramu ya kompyuta, na kila kinapohitajika lazima kipite kwenye kale kamlango kembamba. Kaunta ya fremu (picha kwa sekunde) inasoma 60, unageuza kamera, picha inaganda nusu sekunde, inaendelea, inaganda tena. Mtu anafuta draiva na kuziweka upya mara tatu, anailaumu prosesa, kumbe ni foleni. Juu ya hayo, kadi hiyo haina sehemu ya kusimba (kubana) video, kwa hiyo ukirekodi gemu mzigo wote unaangukia prosesa.

RX 6600 ina njia 8 na GB 8. Kwa PCIe 3.0 inapoteza kidogo tu, kwa sababu kwenye 1080p kumbukumbu haijai mara kwa mara. Gemu mpya zikiijaza, shusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu) hatua moja na uache mengine juu. Tekscha ndizo zinazokula kumbukumbu, wala kuzishusha hakukuongezei fremu nyingi kama bado kuna nafasi.

RTX 3060 ina njia zote 16, lakini soma boksi kwa makini. Zipo mbili zenye jina hilohilo: ya GB 12 yenye basi (njia ya kumbukumbu) ya biti 192, na ya GB 8 yenye biti 128. Kasi ya kumbukumbu inashuka kutoka GB 360 kwa sekunde hadi 240. Ile ya GB 8 kwa bei ya ile ya GB 12 ni hasara tupu.

Sasa pawa saplai. Usisome namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Fungua kesi usome jedwali la lebo, mstari wa +12V, ndio unaolisha kadi na prosesa. Ampea zidisha kwa 12. Ikiandikwa 36A una wati 432, hiyo ni pawa saplai ya kweli. Ikiandikwa 20A una wati 240, na ile 450 ni mapambo. Kukiwa na 12V1 na 12V2 (laini ya 12V iliyogawanywa) usijumlishe ampea zake. Tafuta wati za jumla za 12V zilizoandikwa chini yake. Hesabu ya mzigo ni hii: RTX 3060 wati 170, i5-10400 inaweza kupanda hadi 134 kwa muda mfupi, vilivyobaki weka 50. Jumla 354. RX 6600 inakula 132, ndiyo maana inakaa kwa raha zaidi hapa.

Angalia pia kama kuna kebo ya PCIe ya pini 8 (6+2) inayotoka kwenye pawa saplai yenyewe. Kama haipo, usiunge kwa adapta ya SATA. Plagi ya SATA ina pini tatu za 12V, kila moja ampea 1.5, yaani wati 54. Ya pini 8 imetengenezwa kubeba 150. Kinachofuata ni plastiki kuyeyuka. Kukosekana kwa kebo hiyo kwenye pawa saplai iliyoandikwa wati 450 kwenyewe ni onyo tosha.

Pima nafasi ya kadi kutoka ukuta wa nyuma wa kesi hadi kwenye feni ya mbele; kadi iwe fupi kuliko hapo kwa kama sentimita 2.

Kuhusu hezi 144: gemu nyepesi za mashindano zitafika, gemu nzito za kisasa hazitafika na kadi yoyote kati ya hizi. Kujua nani anachelewesha, shusha gemu hadi 720p. Fremu zisipopanda, prosesa ndiyo imefika mwisho, na kadi kubwa zaidi haitasaidia. Kabla ya kuihukumu prosesa hakikisha ramu ni vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16.

Ukishafunga: kebo ya skrini iingie kwenye kadi, si kwenye madabodi (kosa hili halizeeki), kisha uweke hezi 144 kwenye mipangilio ya Windows, maana mara nyingi inaanza na 60. Kama BIOS (mipangilio ya madabodi) ina Resizable BAR, inayoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, washa pamoja na Above 4G Decoding na uzime CSM (hali ya kuwasha kompyuta kwa mtindo wa zamani). Angalizo: diski yenye Windows ikiwa bado ni MBR (mpangilio wa zamani wa diski), ukizima CSM kompyuta haitawaka hadi kwenye Windows. Igeuze kuwa GPT (mpangilio mpya) kwanza kwa amri ya mbr2gpt, na uwe na nakala ya mafaili yako.

Mwisho, fungua GPU-Z (programu inayoonyesha taarifa za kadi) uangalie njia za PCIe. Ikisoma 1.1 usishtuke wala kurudisha kadi. Kadi ikipumzika hushusha kasi kuokoa umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, uanzishe jaribio, ndipo usome: RX 6600 iseme x8 3.0, RTX 3060 iseme x16 3.0. Ikibaki chini ya hapo, kadi haijakaa vizuri kwenye sloti.