Namna ya Kulisoma Jedwali la Elementi: Ushauri kwa Wanaoanza Kemia

Wanafunzi wengi wa kemia huanza kwa kukariri elementi 20 za mwanzo, kutoka haidrojeni hadi kalisiamu, nasi walimu huwahimiza kwa sababu mtihani utaziulizia. Karirini, lakini msiishie hapo, maana orodha iliyokaririwa bila kujua kwa nini kila elementi imekaa ilipokaa husahaulika upesi, ilhali aliyeelewa mpangilio anaweza kulichora jedwali upya kwenye karatasi tupu.

Anzeni na sodiamu. Namba yake atomia ni 11, yaani kiini cha atomu yake kina protoni 11, chembe zenye chaji chanya, na atomu isiyo na chaji huwa na elektroni 11 vilevile, chembe zenye chaji hasi. Zipangeni katika mizingo inayokizunguka kiini: 2 katika wa kwanza, 8 katika wa pili, na 1 inayobaki katika wa tatu. Mizingo ni mitatu, kwa hiyo sodiamu imo katika mstari wa tatu, unaoitwa kipindi. Elektroni ya nje ni moja, kwa hiyo imo katika kundi la kwanza, safu ya kushoto kabisa. Potasiamu yenye 19 itawapa 2, 8, 8, 1: imeshuka mstari mmoja, lakini kundi ni lilelile. Ndiyo maana kipande cha sodiamu kikitiwa majini huyeyuka kikawa tone linalokimbia huku na huko likitoa haidrojeni, na potasiamu hufanya hayohayo kwa ukali zaidi, ikiwaka mwali wa zambarau, kwa kuwa elektroni yake ya nje iko mbali zaidi na kiini na hubanduka kwa urahisi.

Linalowakwaza wengi ni uzito wa atomu. Mrusi Dmitri Mendeleev, mwaka 1869, alizipanga elementi kwa uzito, lakini tabia zilipopingana na uzito alifuata tabia: teluriamu, iliyopimwa 128, aliitanguliza mbele ya ayodini yenye 127, kwa sababu ayodini inafanana na klorini na bromini. Aliacha pia nafasi wazi chini ya silikoni, akatabiri kwamba elementi ya hapo ingekuwa na uzito wa 72. Jemaniamu iligunduliwa mwaka 1886, na uzito wake ni takriban 72.6. Kwangu mimi, hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika mada hii. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley, kwa kupima eksirei za elementi mbalimbali, alionyesha kwamba kinachopanga jedwali ni namba atomia. Basi mkiikuta agoni yenye uzito wa 39.95 ikiitangulia potasiamu yenye 39.10, msidhani kitabu kimekosewa. Tazameni namba zake atomia, 18 na 19.

Heliamu ina elektroni 2 za nje lakini huwekwa kulia kabisa, pamoja na neoni na agoni, kwa kuwa mzingo wake umejaa. Metali za katikati, kama chuma na shaba, ziacheni hadi mzimudu hizo 20, kwa sababu elektroni zake hazijazi mizingo kwa utaratibu huu mwepesi.